Rivolva ya .44 ya bei nafuu, .357 au shotigani: mnunuzi wa Iringa na Mbeya achukue ipi?

Bei ndiyo inayowavuta watu. Mtu anakuta picha ya rivolva ya .44 Magnum, mtutu wa inchi sita, silinda nene, chuma kinang'aa, na chini yake bei ya Marekani: dola mia saba, pengine mia tisa. Anatazama ya Smith & Wesson au Ruger ya kaliba hiyohiyo, yaani upana uleule wa risasi, anakuta nyingi ni dola elfu moja na mia mbili kwenda juu. Moyo unaanza kupiga hesabu. Kama zote zinapiga risasi ileile, tofauti hiyo ni ya nini? Na mtu mwenye uwezo wa kununua .44 ahangaikie nini kibastola cha .38 ambacho hata ukikiweka mfukoni mwa koti hakionekani?

Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini swali hili huulizwa na watu wa aina tatu. Yupo mfanyabiashara anayetembea na fedha taslimu: wa mbao Mafinga, wa mchele Ubaruku, wa dhahabu Chunya. Yupo mkulima au mfugaji wa Pawaga, Idodi au Usangu ambaye eneo lake liko jirani na Hifadhi ya Ruaha, na usiku anawasikia tembo kwenye mpunga. Na yupo yule anayeipenda tu. Huyo wa tatu ndiye rahisi kumshauri, kwa kuwa hajidanganyi.

Msimamo wangu nauweka mapema. Kwa wawili wa mwanzo, rivolva ya kaliba kubwa si ununuzi mzuri hata ikiwa bora, na ikiwa ya bei nafuu ndiyo kabisa. Wa tatu anaweza kuinunua, lakini kwa masharti nitakayoyaeleza, na masharti yenyewe yanatokana na sisi kuwa Mbeya na Iringa badala ya Texas.

Kazi iliyoizaa

.44 Magnum ilitoka mwaka 1955, kazi ya Smith & Wesson na Remington, baada ya msukumo wa miaka mingi wa Elmer Keith, mwindaji na mwandishi wa Idaho aliyezoea kujaza risasi zake za .44 Special, ndugu mkubwa na laini wa Magnum, baruti nyingi kuliko kiwango cha kiwandani. Mwaka uliofuata Ruger nao wakatoa Blackhawk ya .44. Wateja walikuwa wawindaji wa bastola, na watu wa Alaska na milima ya magharibi mwa Marekani wanaofanya kazi porini mikono yote ikiwa imeshika kitu. Mtu anavua samaki mtoni, dubu anatokea umbali wa mita kumi. Raifo ameiacha imeegemea mti. Kilichopo kiunoni ndicho kitakachomwokoa, basi kiwe kikubwa kadiri mkono unavyoweza kukistahimili.

Hiyo ndiyo kazi yake: silaha ya akiba kwa mtu ambaye silaha yake kuu iko mbali. Zilizofuata baadaye, .454 Casull iliyoingia sokoni 1983, .480 Ruger ya 2001 na .500 ya Smith & Wesson ya 2003, zilipita njia hiyohiyo zikiongeza tu ukubwa. Hizo naziacha. Anayetafuta bei nafuu hana biashara na bastola ambayo boksi moja la risasi zake litamfanya ajute.

Kabla hatujaendelea, tuziweke pamoja. Tarakimu ni za kawaida kwa risasi za kiwandani. Mtutu ukiwa mfupi au mrefu zinasogea.

| Silaha | Uzito ikiwa tupu | Nguvu ya risasi ikitoka mtutuni | Teke (silaha inavyorudi nyuma) |
|---|---|---|---|
| Rivolva ndogo ya .38 Special | gramu 450 hadi 700 | jouli 270 hivi | dogo. Ikiwa nyepesi sana linauma kiganja |
| Rivolva ya chuma ya .357 Magnum, inchi 4 | kilo 1.1 | jouli 700 hivi | linavumilika |
| Charter Arms Bulldog, .44 Special | gramu 570 | jouli 420 hivi | kali kwa ukubwa wake |
| Rivolva ya .44 Magnum, inchi 6 | kilo 1.4 hadi 1.5 | jouli 1,000 hadi 1,300 | kali sana |
| Shotigani ya geji 12, risasi moja nzito | kilo 3.2 | zaidi ya jouli 3,000 | zito, ila linapokelewa na bega |
| Raifo ya .375 H&H | kilo 4 | zaidi ya jouli 5,500 | zito, begani |

Kwa mwenye shamba jirani na Ruaha

Tazama mistari miwili ya mwisho ya jedwali, kisha rudi kwenye .44. Bastola inayoitwa mzinga mtandaoni haifikii hata nusu ya shotigani ya kawaida ikipakiwa risasi moja nzito. Kanuni za uwindaji wa kitalii nchini zinamtaka mwindaji wa nyati, simba au tembo awe na raifo isiyopungua .375, na huyo ana mwindaji bingwa pembeni yake. Tembo dume anafikia tani tano, hata sita. Kumpiga kwa .44 ni kumjeruhi tu, na mnyama aliyejeruhiwa harudi hifadhini kwa upole. Anabaki vichakani, na kesho yake anakutana na mama anayekwenda kuteka maji.

Halafu kuna sheria. Tembo ni mali ya umma, na kumuua bila kibali ni kesi ambayo mpunga wa msimu mzima hauwezi kulipia wakili wake. Tangu mwaka 2008 Usangu ilipoingizwa kwenye Hifadhi ya Ruaha, vijiji vingi vya Mbarali vimejikuta uso kwa uso na mpaka, na njia inayosaidia ni ileile ya kuwaita askari wa wanyamapori, wawe wa TANAPA, wa TAWA au wa halmashauri. Kamba zilizozungushiwa vitambaa vyenye pilipili na oili chafu zinasaidia. Mizinga ya nyuki iliyotundikwa kwenye waya inasaidia zaidi, na unavuna asali. Mazao yakiliwa kuna kifuta jasho, mtu akijeruhiwa au kufa kuna kifuta machozi. Fedha yenyewe si nyingi, lakini huipati kama hukutoa taarifa mapema. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji bastola.

Wasumbufu wa kila siku ni nguruwe pori, ngedere, nyani, na fisi zizini. Hapo nako kibali cha afisa wanyamapori kinatangulia, lakini chombo kinachofaa kinajulikana: shotigani ya geji 12. Mossberg 500 na Remington 870 zipo sokoni tangu miongo ya kati ya karne iliyopita, na sasa kuna za Uturuki za bei ya chini zaidi. Bunduki moja inakubali chembe ndogo za ndege, chembe tisa nene za milimita nane na ushee, au risasi moja nzito. Unabadilisha risasi, hubadilishi bunduki. Ina kitako cha begani, kwa hiyo hata mtu asiye na mazoezi mengi analenga mita thelathini bila aibu. Na mara nyingi unachohitaji ni mlio tu.

Rivolva ina jambo moja inaloizidi shotigani hapa, na sipendi kulificha. Usiku zizini unahitaji kurunzi. Ukiwa na bastola, mkono mmoja unashika kurunzi na mwingine silaha. Ukiwa na shotigani, ama mtu wa pili akumulikie, ama ufunge kurunzi kwenye mtutu. Sawa. Lakini .44 Magnum kwa mkono mmoja, gizani, na ng'ombe wanakurupuka huku na huku, ni njia ya uhakika ya kumpiga ng'ombe wako mwenyewe. Funga kurunzi kwenye mtutu.

Kwa anayebeba fedha

Mfanyabiashara wa mbao anayetoka Mafinga kwenda Makambako ana hoja nzito kuliko mkulima, kwa kuwa hatari yake ni binadamu, na bastola ilibuniwa kwa ajili ya ukaribu wa namna hiyo. Swali lake liwe ukubwa tu.

Kilo moja na nusu kiunoni ni mzigo. Siku ya kwanza unatembea kwa majivuno, wiki ya pili umeanza kuiacha nyumbani, na silaha iliyoachwa nyumbani bila sefu ni mtego kwa watoto na zawadi kwa mwizi. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya Makambako na Njombe inakuvalisha koti zito, na koti linalosaidia kuficha bastola ya inchi sita ndilo litakalonasa mtutu ukitaka kuichomoa. .38 ya inchi mbili inatoka bila kugusa kitu.

Fikiria pia utapigia wapi. Ndani ya kibini ya Fuso, vioo vimefungwa, mlio wa magnum unaweza kukuachia uziwi wa kudumu kwa risasi moja. Rivolva nyingi za .44 za bei nafuu zina matundu juu ya mtutu ili kupunguza teke; matundu hayo yanarusha moto na kelele juu, yaani usoni kwako ikiwa umeishika karibu na mwili. Na kwa watu wa Mafinga hasa: nyumba na vibanda vingi ni vya mbao. Risasi ya .44 inapenya ubao wa paini, inapenya na wa pili, na upande wa pili kuna jirani amelala. Hata .357 inapenya, ndiyo maana anayeinunua namshauri apakie .38 Special ndani yake kwa matumizi ya nyumbani.

Hilo la mwisho ndilo linaloipandisha .357 machoni pangu. Silinda yake inakubali risasi zote mbili. Unajifunzia .38, nafuu na laini, na ukitaka nguvu unapakia .357 yenyewe. .44 Magnum nayo inakubali .44 Special kwa mtindo huohuo, lakini .44 Special ni risasi adimu na ghali kuliko .38 popote duniani, kwa hiyo faida ile haikufiki.

Bulldog ya Charter Arms nitaitaja kwa sababu ni miongoni mwa rivolva za kaliba kubwa zenye bei rahisi zaidi, na watu wanaiona ni njia ya kati. Ilianza kutengenezwa 1973, ina risasi tano, na Marekani inapatikana kwa kama dola mia tano. Ni bastola ya kweli, yenye wapenzi wake. Ila ni nyepesi mno: ukipiga hesabu, teke lake kwa .44 Special linazidi nusu ya teke la .44 Magnum ya kilo moja na nusu, wakati nguvu ya risasi yake ni theluthi tu. Unaumia sana kwa faida ndogo. Kwa mkono wa mfanyabiashara anayepiga risasi chache kwa mwaka, .357 ya chuma inamfaa zaidi kwa kila kitu isipokuwa uzito.

Kuna jambo lingine ambalo wauza silaha hawatakwambia. Fedha taslimu yenyewe imepungua. Tangu M-Pesa iingie nchini 2008, na baada yake mawakala wa benki kuenea hadi vijijini, sehemu kubwa ya malipo ya mbao na mchele inaweza kupita kwenye simu au akaunti. Chunya kuna soko la madini tangu 2019, na mwenye dhahabu anauzia pale badala ya kwenye chumba cha nyumba ya wageni. Mtu anayeweza kupunguza begi la fedha hadi likawa bahasha ameondoa sababu ya kuvamiwa. Mwenye bastola anaongeza kitu kimoja zaidi cha kuporwa, tena kitu ambacho kikiibwa ataandika maelezo polisi mpaka achoke.

Teke na hesabu ya risasi

Hapa ndipo bei nafuu inapoyeyuka. Nchini Marekani kwenyewe risasi moja ya .44 Magnum kwa kawaida inazidi dola moja. Mtu akitaka kuwa na shabaha ya kuaminika anahitaji mamia ya risasi za mazoezi, na kila mwaka aongeze nyingine ili mkono usisahau. Kufikia hapo ameshalipia risasi kuliko alivyolipia bastola. Kwetu risasi zinanunuliwa kwa kibali na kwa idadi, na mahali pa kujifunzia kihalali si kila wilaya. Uliza kwanza dukani kama wana risasi za .44, na kama wanazo wakati wote au zinakuja kwa kuagizwa. Geji 12 na .38 hazikupi wasiwasi huo.

Matokeo yake ni haya. Mwenye .44 anapiga risasi sita siku ya kwanza, mkono unakufa ganzi, masikio yanalia, anaifunga kwenye sefu. Mwaka mzima haigusi. Akija kuihitaji, mwili wake unakumbuka lile teke kabla hata hajavuta triga: jicho linafumba, kifundo kinasukuma mtutu chini, risasi inachimba ardhi. Wapigaji wazoefu wanalijua hili na wanalitibu kwa kuanza na risasi laini kwa miezi. Asiye na risasi za kutosha hana tiba. Teke la .44 Magnum kwenye bastola ya kilo moja na nusu ni karibu mara sita ya lile la .38 kwenye rivolva ya chuma ya kilo moja, na hakuna mpini wa mpira unaoifuta tofauti hiyo.

Nafuu na ghali: fedha imekatwa wapi?

Sasa turudi kwa yule wa tatu, anayeipenda tu, ambaye ana kibali, ana fedha na ameshaamua kuwa itakuwa .44.

Rivolva za bei nafuu za kaliba hii ni za Taurus ya Brazil zaidi ya mtu mwingine yeyote: ile ya kawaida inayoitwa 44, Raging Bull, na Raging Hunter iliyokuja mwishoni mwa miaka ya 2010. Kampuni ni ya 1939, kwa hiyo si wageni wa kazi hii. Kuna watu watakukumbusha kesi ya Marekani iliyoishia kwenye suluhu. Kesi ile ilihusu bastola zao za magazini, haikugusa rivolva. Fremu za Raging ni nene na silinda inafungwa mbele na nyuma, jambo ambalo hata baadhi ya bastola ghali hazina. Kwa hiyo woga wa kwamba "itapasuka mkononi" si wa haki, maadamu risasi ni za kiwandani.

Fedha imekatwa kwenye muda wa fundi na kwenye ukaguzi. Triga inakuwa na mikwaruzo, kingo zinabaki kali, chemba moja inang'ang'ania maganda kuliko nyingine, silinda inachelewa kidogo kufunga kwenye chemba moja kati ya sita. Bastola mbili zilizotoka siku moja kwenye mashine moja zinaweza kutofautiana: moja ukaipenda miaka ishirini, nyingine ikakukera kuanzia boksi la kwanza. Ruger au Smith & Wesson nao wanakosea, ila kwa nadra zaidi, na unapolipa dola mia nne au tano za ziada unalipia hiyo nadra.

Kwa Mmarekani kasoro hiyo ni usumbufu wa wiki chache. Anaandikia kampuni, anatuma bastola kwenye boksi, inarudi imetengenezwa, bure. Yaani sehemu ya ukaguzi wa kiwandani ameachiwa mteja, na bei nafuu imejengwa juu ya mpango huo. Sasa wewe uko Uyole. Kuitoa silaha nje ya nchi kwa matengenezo ni vibali vya kutoka, vibali vya kuingia kule, vibali vya kurudi, na msafirishaji atakayekubali kuigusa. Haiendi. Kwa hiyo ile nusu ya bidhaa inayoitwa dhamana hukuinunua, hata kama imeandikwa kwenye kijitabu. Unalipa bei ya nafuu kwa kitu kilichopungua, na ukijumlisha usafiri, ushuru na faida ya muuzaji, ile tofauti ya dola mia nne inakuwa sehemu ndogo ya jumla yote.

Ndiyo maana, kwetu, ningechukua Ruger iliyotumika na iliyokwisha kuthibitika kuliko Taurus mpya ambayo hakuna aliyewahi kuipiga. Super Blackhawk ipo tangu 1959. Kila risasi unavuta nyundo kwa kidole gumba, silinda haifunguki pembeni, unapakia moja moja kupitia kilango. Kwa kujihami ni ya taratibu mno. Kwa mpenzi wa bastola anayepiga kwa raha, ina vipande vichache vya kuharibika, na huku kwetu sifa hiyo ina thamani kuliko kasi. Redhawk ya 1979 na Super Redhawk ya 1987 ni za kufunguka pembeni na ni imara kupita kiasi, ila uzito wake uutafakari.

Jambo la hali ya hewa litakuamulia lingine. Tukuyu mvua inazidi milimita 2,000 kwa mwaka, na ukungu wa Makete na Kitulo unaingia hata kabatini. Chuma cheusi kilichowekwa kwenye ala ya ngozi kinashika kutu chini ya ngozi usikoona. Nunua kisichoshika kutu, na ala ivuliwe ukifika nyumbani. Hapa wenye bei nafuu wana alama yao, kwa kuwa nyingi za Taurus zinapatikana kwa chuma hicho bila kuongeza fedha nyingi.

Ukiishika mkononi dukani

Iwe mpya au iliyotumika, ukaguzi ni uleule. Fungua silinda au kilango, hakikisha ni tupu, kisha hakikisha tena.

Funga silinda, vuta nyundo polepole sana kwa kidole gumba, ukigusa silinda kwa kidole kingine. Silinda lazima ijifunge kabla nyundo haijakaa mwisho. Rudia kwa kila chemba, zote sita. Ile moja inayochelewa ndiyo itakayokutemea risasi iliyonyolewa pembeni. Nyundo ikiwa imekaa mwisho, isukume mbele kwa gumba bila kugusa triga: isianguke. Sukuma silinda mbele na nyuma. Mchezo wa kuhisika kidogo unavumilika, mchezo wa kuonekana kwa macho hapana.

Kwa nafasi kati ya silinda na mtutu, azima fila geji ya fundi magari, ileile ya kupimia valvu. Kati ya milimita 0.10 na 0.25 ni salama. Ikipita 0.30 achana nayo, hata kama muuzaji anapunguza bei, hasa kama anapunguza bei. Mulika mdomo wa nyuma wa mtutu kutafuta nyufa. Kwenye matundu ya juu ya mtutu angalia madini ya risasi yaliyoganda; yakiwa mengi kuliko kawaida, mtutu na silinda havijapangana vizuri. Mwisho linganisha namba iliyopigwa kwenye fremu na ile ya kwenye karatasi, tarakimu kwa tarakimu. Ukaguzi wa silaha wa nchi nzima wa mwaka 2016 uliwafundisha wengi kwamba namba isiyolingana ni tatizo la aliyeishika, muuzaji wa zamani akiwa ameshahama mji.

Karatasi zenyewe zinaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Maombi yanaanzia kwenye serikali ya mtaa au kijiji, yanapita kwenye kamati za ulinzi na usalama, na polisi ndio wenye neno la mwisho. Utaulizwa unaitaka ya nini, na jibu lako litalinganishwa na silaha unayoomba. Mkulima anayeomba shotigani anaeleweka kabla hajamaliza sentensi. Anayeomba .44 Magnum atahitaji maelezo marefu, na "naipenda" haijawahi kuwa maelezo mazuri mbele ya kamati yoyote. Usilipe hata shilingi ya kishika nafasi dukani kabla ofisa wa silaha wa polisi hajakwambia kwamba aina na kaliba hiyo inakubalika kwa sababu uliyoitoa. Na ndugu zako wajue ilipo na karatasi zake zilipo, maana ukifariki wao ndio watakaoipeleka polisi.

Kwa hiyo

Mwenye shamba: shotigani ya geji 12, ya kusukuma, hata ya Kituruki ikiwa imekaguliwa, na fedha inayobaki inunue mizinga ya nyuki. Mwenye fedha mkononi: punguza fedha kwanza, ukibaki na sababu, rivolva ya chuma ya .357 ya inchi mbili hadi nne. Hapo hata ya bei nafuu nakubali, maana risasi za .38 haziitesi bastola wala mkono, kwa hiyo kasoro ndogo za kiwandani hazikui haraka.

Mpenzi: Ruger iliyotumika, chuma kisichoshika kutu, baada ya fila geji. Ukiikosa, Raging Hunter mpya si aibu, mradi muuzaji akubali uipime kabla ya kulipa. Na kama tayari unayo .44 ya bei nafuu kwenye sefu, huna haja ya kuiuza kwa hasara. Tafuta .44 Special popote zinapopatikana kwa kibali chako, piga hizo tu. Ukizikosa na ukalazimika kupiga Magnum, tia alama risasi ya sita kwa kalamu pale ganda linapokutana na risasi yenyewe, piga tano, kisha itoe uitazame. Kama imesogea mbele ya alama, teke linazivuta risasi zako nje ya maganda, na siku moja itachomoza mbele ya silinda na kuizuia isizunguke. Badilisha aina ya risasi.